Sementi ya Cyril Thurlow

Bi Ivy Thurlow aliingia katika nyumba ile akiwa bibi harusi, na hakuwa na nia ya kutoka humo akiwa hai. Mialoni iliyotoa nguzo zake ilikatwa enzi za wafalme ambao hata shuleni tuliwasahau. Kati ya nguzo kuta ni fito na udongo, na juu yake chokaa ya rangi ya waridi, ambayo huku kwetu mkoani Suffolk hupakwa upya kila mwaka kabla ya Pentekoste.

Ukuta wa magharibi tu ndio haukupakwa. Ulikuwa wa sementi, mkavu na wa kijivu, kazi ya marehemu mumewe Cyril. Mimi jirani yake niliuona mbaya sana. Yeye aliusifia kwa kila mgeni, hata aliyekuja kuuliza njia.

Kiangazi kilipokwisha, ukuta ule ukafura. Mpwa wake alikwisha kumtafutia chumba katika nyumba ya wazee mjini Ipswich. Tukamwita Dennis Pettit, seremala, akazunguka akigonga huku na huku.

"Bi Ivy, nguzo ya pembeni imeoza. Nikiibadilisha kabla ya baridi, unabaki. Ila sementi itoke yote."

"Haitoki."

"Basi utahama."

"Sihami, na haitoki. Toboa tundu dogo upite humo. Wewe si fundi?"

"Fundi, ndiyo. Panya, hapana."

Nilicheka peke yangu. Bi Ivy aliingia jikoni, nami nikamfuata, nimgombeze kidogo. Kutupwa Ipswich kwa ajili ya sementi! Alimimina chai, ndipo akaniambia jambo ambalo miaka yote ya ujirani hakuwahi kulitaja.

"Nilikuwa na mimba kubwa. Cyril yuko shambani, mavuno yamempita kimo, na ukuta ule ulikuwa haujapakwa. Nikaona aibu, watu watasema nini. Nikapanda ngazi." Akaweka birika chini. "Mtoto hakuishi. Na mwingine hakuja."

"Pole, dada yangu."

"Cyril hata pole hakusema, hakuwa mtu wa maneno. Alileta mchanga na sementi, akaufunika ukuta wote, nisipande tena ngazi maishani mwangu. Sasa Dennis anataka niibomoe sementi hiyo."

Mimi si mtu wa machozi, lakini chai ile sikuimaliza.

Asubuhi yake alikubali tundu, tundu tu. Dennis alipogonga patasi, bonge zima la sementi likaanguka, maji meusi yakachuruzika, na nguzo ikamwagika kama pumba. Tulikuwa tunaona hadi sebuleni.

"Wadudu hao, Bi Ivy," Dennis akawahi kusema. "Wameitafuna."

Kijiji kizima kinajua kwamba chokaa huacha unyevu utoke na sementi huufungia ndani. Nilimpenda Dennis kwa uongo ule.

"Baba yako alidanganya vizuri kuliko wewe," Bi Ivy akasema. Akaingiza mkono, akatoa konzi ya mwaloni uliooza. "Ni sementi hii."

"Ni maji, mama."

"Yalizuiwa na nini yasitoke?"

Bi Ivy alisimama na ile konzi, nami nikaogopa kwamba sasa atachagua Ipswich.

"Alinipenda akakosea," akasema mwishowe. "Bomoa, Dennis. Yote."

Nyundo zilipoanza, nilimshika kiwiko nimpeleke ndani, asione. Akaniondoa mkono.

"Niache. Alipokuwa anaufunika nilikuwa kitandani, nimeligeuzia uso dirisha la upande wa pili. Nilimsikia tu, siku nzima, na hata mara moja sikutoka kumwona." Akavuta kiti uani, akakaa kuuelekea ukuta. "Leo nitauangalia."