Okidi za Chumba cha Dada Hawa

Harufu ya makumbi yaliyofukuliwa kwenye tope la pwani si ya kusimuliana mezani. Inanuka yai viza, inanuka mkoko, inanuka kitu ambacho bahari ilitaka kukificha. Wenzangu wakipita pale kinamama wanapopiga makumbi huziba pua. Mimi husimamisha gari, nikashusha kioo, nikavuta pumzi mpaka dereva wangu akaanza kunitazama kwa wasiwasi. Naam, nina dereva. Nitawaeleza nilivyompata, ila kwanza nivumilieni na harufu hii.

Mama yangu alikuwa mpiga makumbi pale Miburani, kisiwani kwetu Mafia. Kwa asiyejua kazi yenyewe: maganda ya nje ya nazi hufukiwa kwenye tope la ufukweni, maji chumvi yakayavundika miezi kwa miezi, kisha yakafukuliwa na kupondwa kwa rungu mpaka zibaki nyuzi tupu. Nyuzi hizo ndizo usumba, na usumba ndiyo kamba. Baba alikwishatangulia mbele ya haki nikiwa bado nanyonya kidole, kwa hiyo kamba ndiyo iliyotulisha, ikatuvisha, ikanisomesha hadi darasa la tano. Hapo mimi na shule tukaagana kwa heshima. Mwalimu wangu alisema sitafika mbali. Siku hizi akipita mbele ya nyumba yangu humkaribisha chai, naye hunywa vikombe viwili.

Ilikuwa miaka ile hifadhi ya bahari bado changa. Wanaume barazani walibishana mchana kutwa wavu upi ruhusa na upi marufuku, na wageni wa kuzamia ndiyo kwanza walianza kuteremka na mizigo yao ya mitungi. Nyumbani kwetu hayo hayakuingia. Kwetu gumzo lilikuwa moja tu: dada yangu Hawa ameposwa.

Kwa desturi yetu bwana harusi huingia nyumbani kwa mke na kula fungate hapo hapo. Kupamba chumba ni kazi ya upande wa mwanamke, na chumba ndicho uso wa nyumba. Sasa tazama uso wetu ulivyokuwa: kuta za udongo, kitanda cha kamba alichosuka Mama mwenyewe, na dirisha dogo la kutosha paka. Ndipo akaja kukikagua Bi Salha, shangazi yake Seifu, bwana harusi. Alikuwa mwanamke wa Kilindoni mwenye duka la vitambaa, na ulimi ambao ungeweza kuvikata vitambaa hivyo bila mkasi.

Alizunguka chumba mara moja, kikaisha.

“Bi mkubwa,” akamwambia Mama, “chumba hiki kitupu kama tumbo la Ramadhani. Lakini msihangaike. Mimi nina maua ya plastiki, ya Dar es Salaam hasa, sanduku zima. Nitayaleta. Mtoto wa watu asije akaona haya mbele ya mume.”

Mama alimshukuru, akamsindikiza hadi njiani, akarudi akachukua rungu. Siku hiyo makumbi yalipigwa kama yamemtukana mtu. “Nguo ya kuazima haisitiri matako,” alikuwa akisema kati ya pigo na pigo. “Haisitiri!” Dada Hawa alikaa kizingitini, ameshika tama. Nikamuuliza kwani maua yana ubaya gani.

“Maua hayana ubaya, Shomari. Ila nikiyapokea, nitayasikia maisha yangu yote. Nikiunguza mchuzi, maua. Nikichelewa kuzaa, maua. Utasikia: si mimi niliyekupambia chumba?”

Hayo ndiyo masimango, na kwetu mtu aliyesimangwa hata usingizi wake huwa wa mkopo. Sikuyaelewa vizuri, umri wangu haukutosha. Nilichoelewa ni kwamba dada yangu, aliyekuwa akinibeba mgongoni kwenda kuchota maji, alikuwa analia. Nikatangaza pale pale, kifua mbele: “Chumba nitakipamba mimi. Kwa maua hai.”

Wakacheka wote wawili. Walau nilikwishawatoa kwenye kilio.

Maua yenyewe nilikuwa nimeyaona. Nyuma ya shamba letu, jirani alikuwa ameangusha mti mkubwa apande mihogo, na juu ya tawi lake palikuwa na kitu kimekaa kama mgeni aliyekataa kuondoka: majani manene yaliyopangana kama kipepeo, na mizizi minene kama kamba iliyoning'inia hewani bila kugusa udongo. Jina la okidi nilikuja kulipata ukubwani. Sisi tuliliita tu ua la mtini. Wazee hawakulipenda, wakisema mti unaopanda juu ya mti ni mnyonyaji, ukiuingiza ndani utainyonya na nyumba. Mimi niliwaza kwamba nyumba yetu haikuwa na kitu cha kunyonywa. Nikalibandua taratibu, shina kwa shina, kabla moto wa kusafisha shamba haujapita.

Kisha nikafanya lile ambalo mtoto yeyote wa kwetu angelifanya. Nikaenda ufukweni nikaokota tawi zuri lililoletwa na maji, jeupe, laini, limepindapinda kama limechongwa na fundi. Nikachukua usumba wa Mama, ule bora, uliofukuliwa juzi tu. Nikaweka shina la kwanza juu ya tawi, nikalizungushia usumba, nikalifunga fundo la nahodha. Nikalitundika chumbani. Lilikuwa linapendeza, sitawaficha. Hata Mama alisimama kulitazama.

Halafu likaanza kufa. Mizizi ikawa myeusi nchani, majani yakakunjamana kama mikono ya mtu aliyefua sana. Nikaongeza maji. Likazidi kufa. Majirani wakapata la kusema: “Shomari, bado unamuuguza mgonjwa wako? Tumwite shehe?” Na Bi Salha akatuma salamu kwamba sanduku liko tayari.

Aliyeniokoa alikuwa beberu. Nililitoa tawi nje siku moja lipate hewa, nikaingia ndani kunywa uji. Niliporudi nikamkuta beberu wa jirani amelikumbatia. Nikachukua fimbo, maana nilijua majani yameliwa. Kumbe hakula hata jani moja. Alikuwa analiramba! Anaramba tawi, anaramba usumba, amefumba macho kwa utamu kama mtu anayekula halua. Nikashusha fimbo nikamtazama. Kisha, na hii niliifanya mimi mwenyewe bila kufundishwa na mtu, nikainama nikaliramba upande wa pili.

Chumvi.

Tawi limelala baharini mwaka mzima, usumba umezikwa baharini miezi. Nilikuwa nimemfunga yule mtoto wa juu ya miti, anayekunywa mvua na umande, ndani ya chumvi tupu, kisha kila nikimwagia maji ninamkorogea mchuzi! Sisi watu wa Mafia bahari imetuzoea mpaka tumesahau kwamba kuna viumbe visivyoijua.

Nikaanza upya kwa mashina yaliyobaki. Nikakata tawi la mwembe lenye maganda ya kukwaruza, mizizi ipate pa kushika. Usumba nikauloweka kwenye maji ya mvua, nikamwaga, nikauloweka tena, na kila mara natia unyuzi mdomoni nautafuna. Siku ulimi uliponiambia hakuna kitu, ndipo nikafunga. Safari hii sikufunga fundo la nahodha. Nilifunga kama Mama alivyokuwa akimfunga mtoto mgongoni, imara lakini apumue. Dirisha likiwa dogo, nikatundika tawi pale juu ukuta unapoishia kabla ya makuti, mwanga wa asubuhi unapopenya na moshi wa jikoni haufiki. Na maji sikumwaga tena. Nilijaza mdomo, nikayapuliza kama fundi cherehani anavyopulizia kanzu kabla ya kuipiga pasi. Fuu! Dada Hawa akipita ananirushia: “Mganga kaanza.” Lakini nilimwona mara nyingine, akidhani niko nje, amejaza mashavu naye anapuliza.

Siku moja nchani mwa mzizi pakatokea kijani kibichi, ukaanza kutambaa juu ya ganda la mwembe kama unajua unakokwenda. Nilimwita Mama kwa sauti iliyomfanya aje na rungu mkononi. Baadaye yakachomoza mashina ya maua, kisha vitumba, virefu, vya kijani. Na hapo vikakaa. Harusi ikakaribia, vimefumba. Wapishi wakachimba meko, vimefumba. Nilivisihi, nikavitishia.

Asubuhi ya harusi Bi Salha akaingia na sanduku kichwani mwa kijana. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku macho yakiwa ukutani.

“Vidole hivi vya mjusi ndiyo pambo?”

Dada Hawa, aliyekuwa akipakwa hina, aliinamisha kichwa. Lakini Mama yangu, mwanamke aliyekuwa hajawahi kumjibu Bi Salha zaidi ya ahsante, alijifuta mikono kwenye kanga akasema kwa upole: “Yako mazuri mno kufichwa ndani, Bi Salha. Yatundike ukumbini wageni wote wayaone. Chumbani tuna mambo yetu.”

Akayatundika ukumbini.

Na joto lile la mchana, meko nje, watu ndani, sijui ndilo lililofanya. Alasiri kitumba cha kwanza kilipasuka. Kikafuata cha pili. Ilipoadhiniwa Magharibi yalikuwa yamefunguka karibu yote: meupe, kila moja na kikombe kama kombe la pwani na mkia mrefu nyuma. Na jambo ambalo hata mimi sikulijua: ua lile mchana halina harufu. Husubiri jua lizame.

Mimi nilikuwa bado mdogo wa kuachiwa kupita kwa wanawake, nikawa nimejibanza pembeni na kikombe changu cha maji. Bi Salha akaingia na chetezo cha udi afukize kitanda, akasimama ghafla.

“Nani kamwaga marashi humu?”

Akanusa shuka. Akanusa mto. Akamnusa dada yangu shingoni, bibi harusi wa watu! Kisha pua ikamvuta juu, hatua kwa hatua, mpaka akafika chini ya tawi.

“Haya... haya ni hai?”

“Yanakunywa maji,” nikamwambia, nikajaza mdomo nikayapulizia mbele yake. Fuu!

Ukumbini wakasikia vigelegele kabla hawajajua sababu. Wanawake walimiminika chumbani, maua ya plastiki wakayapita kama ukuta. Na Bi Salha, kwa haki ya Mungu, hakuwa mtu wa kinyongo. Alinishika sikio, akainama: “Wewe mtoto, na mimi utanifungia langu lini?” Huyo ndiye aliyekuwa mteja wangu wa kwanza. Leo matawi yangu, ndiyo yaliyonipatia na yule dereva, yananing'inia kwenye kumbi za mahoteli ya Utende na kwenye sebule za wakubwa Dar es Salaam, na wataalamu wenye vyeti hunipigia simu kuniuliza maji gani nalowekea usumba. Huwaambia waurambe.

Fungate ilipokwisha, Dada Hawa alihamia kwa mumewe Kilindoni. Mizigo yote aliwaachia watu, ila tawi alilibeba mwenyewe mikononi njia nzima, na aliyetaka kumpokea alimkatalia. Nilitembea nyuma yake nikivimba, nikijua anajivunia ufundi wangu.

Ilinibidi kwanza nioe, nimlete mke kwenye nyumba iliyojaa vitu vyangu, ndipo nikaelewa kwa nini hakumwachia mtu tawi lile. Katika nyumba ile ya Kilindoni kila kijiko kilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa na mdomo. Tawi lile ndilo kitu pekee ambacho hakuna aliyeweza kumwambia dada yangu: nilikuletea mimi. Mwaka juzi nilimuuliza kama masimango yalimfika. “Yalinifika,” akasema, akicheka. “Nikisemwa, nilikuwa naingia chumbani nalipulizia maji. Nikitoka, nimenyooka.”

Nimefunga okidi nyingi, na nasema bila haya kwamba kisiwa hiki hakijapata fundi kama mimi. Lakini kazi yangu bora niliifanya kwa meno ya utoto, kwa usumba wa Mama, na mtu niliyemfunga akasimama wima alikuwa dada yangu.