Shikamoo Niliyoitikia

Kabla ya kuwa Jaji wa Rufani nilikuwa hakimu, kisha msajili, kisha Jaji wa Mahakama Kuu. Katika ngazi zote hizo kuna jambo moja hakuna anayekufundisha, na unalizoea upesi kuliko yote: kusalimiwa. Ukiingia watu wanasimama. Ukitoka, makarani na mawakili wenye mvi kukuzidi wanakuambia shikamoo mheshimiwa, nawe unaitikia huku ukitafuta miwani kwenye pochi.

Siku ile, katika kikao chetu cha Mwanza, tulikuwa majaji watatu kwenye rufaa moja ya shamba, na wenzangu wawili hawakukubaliana nami. Nilitoka nimenuna. Karibu na gari alisimama bibi mmoja aliyejitanda kanga, ameshika kifurushi.

"Shikamoo mheshimiwa."

"Marahaba," nikasema, nikaingia garini.

Nilimsikia askari akimwambia kuwa majaji hawapokei zawadi. Ni kweli, hatupokei. Nikapandisha kioo.

Tulipokwama kwenye foleni ya Buzuruga, dereva akakohoa. "Mheshimiwa, yule bibi alikuwepo pale tangu saa mbili asubuhi. Katoka Sengerema. Anasema ndiye aliyekulea wakati mama yako amelazwa."

Nikamkumbuka. Alikuwa jirani yetu. Nilikaa kwake mwaka mzima, na siku niliyomsalimia mzee mmoja nikiwa wima, alinichapa mwiko miguuni. "Mkubwa hasalimiwi umesimama kama mlingoti," alisema. Goti langu la kwanza nililipiga kwenye ua wake.

Ningeweza kusema tugeuze gari. Lakini gari la wenzangu lilikuwa nyuma yetu, wangeuliza kuna nini, nami nikaona aibu kueleza. Nikasema, "Twende."

Jumamosi nilivuka Busisi kwenda Sengerema bila askari. Nilimkuta uani akianika michembe, vile vipande vya viazi vitamu nilivyokuwa nikimwibia utotoni. Nikapiga goti kwenye vumbi, majirani wakitazama.

"Shikamoo mama."

Akanishika mkono haraka. "Inuka mheshimiwa, utachafua gauni."

"Mama, shikamoo."

Akaingia ndani, akatoa kiti, akakifuta kwa kanga yake, akanikalisha. Yeye akakaa chini kwenye mkeka. Nilipotaka kushuka nikae naye, alikataa katakata. Akaniletea michembe iliyochemshwa, akaniuliza habari za watoto na kazi, akacheka vizuri tu. Hakuwa na kinyongo hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilitamani achukue mwiko.

Nimeshatengua hukumu nyingi za watu wengine. Ile marahaba yangu sikujua niipeleke wapi, kwa maana aliyekuwa na mamlaka ya kuifuta alikuwa pale mkekani, akinipangusia vumbi magotini.

Alinisindikiza mpaka kwenye gari. Nikapiga goti tena, nikamwamkia mara ya tatu, nikangoja.

"Safari njema, mheshimiwa," akasema.