Fundi Godoro na baiskeli zisizo na breki

"Siku ile mjinga nilikuwa mimi," anasema fundi baiskeli, hata kabla hajaulizwa. "Andika hivyo hivyo, usinipambe."

Ni asubuhi, jua halijapanda. Amechuchumaa mlangoni pa karakana yake, gurudumu la nyuma limelala mapajani kama mtoto anayenyolewa. Karakana ni chumba kimoja cha mlango wa bati, kando ya barabara inayoteremka kwa ukali hadi makutano ya malori. Ukutani zinaning'inia rimu, cheni na breki kuukuu. Mtaa mzima unamwita Fundi Godoro. Zamani alikuwa na jina la heshima zaidi.

Hilo la sasa alilipata kwenye mteremko huu huu.

Mwenye duka la kusafirisha vifurushi alimletea baiskeli za mitumba na agizo: ng'oa giya, ng'oa breki, ng'oa nyaya zote, zibaki nyepesi na za kupendeza. Na friwili nayo, ile inayomwezesha mtu kupumzisha miguu huku gurudumu likizunguka, iondoke. Badala yake yafungwe meno yaliyoshikana na gurudumu. Baiskeli ikienda, pedali zinakwenda; ukitaka kupunguza mwendo, unazizuia kwa miguu.

"Miguu ya waendeshaji ndiyo breki," tajiri huyo alisema, akacheka peke yake.

Baiskeli za namna hiyo zipo, na wapo wanaozimudu. Lakini habu zake, vile vitovu vya magurudumu, hutengenezwa kwa kazi hiyo: zina hesi mbili, yaani mikato ya kuzungushia kama ya skrubu, moja ya meno, nyingine ya nati inayokaza kwa kuelekea upande wa pili. Mtu akizuia pedali na meno yakataka kulegea, nati inayabana.

Tajiri aliona habu hizo ni ghali. Akaamuru itumike habu ya kawaida, yenye hesi ya upande mmoja tu, nati iazimwe kutoka kwenye ekseli ya pedali, na gundi imalizie.

"Nikafunga, nikakaza mpaka jasho, nikapaka gundi," anasema fundi. "Nikapanda nayo mlima huu mpaka juu. Imara kama mwamba! Sasa niambie, ni mtu wa namna gani anayejaribu breki kwa kupanda mlima?"

Kupanda ndiko kunakokaza. Kila alipokanyaga, meno yalijisokota ndani zaidi, naye alijipongeza zaidi. Huko juu akageuza, akateremka huku akiwapungia majirani mkono. Alipokaribia makutano akazizuia pedali. Meno na nati vikafunguka pamoja kama kifuniko cha chupa. Miguu ikabaki haishiki kitu, na mbele lori linapita.

"Akakata kona, akaja kwangu," anadakia mama muuza magodoro, jirani yake, ambaye hajachoka kuisimulia habari hii. "Wateja wote hulibonyeza godoro kwa mkono. Wa kulijaribu kwa kichwa ni huyu peke yake."

"Na bado ukanilipisha!"

"Uliling'ata, shemeji. Nani angelinunua lina alama za meno?"

Wanacheka. Kisha fundi anafuta mikono kwa kitambaa cheusi, na uso unabadilika.

"Mimi nilikuta godoro. Mwenzangu alikuta ukuta."

Mwenzake huyo alikuwa mwendeshaji wa duka lile lile. Baiskeli yake ilifungwa kwa fundi mwingine, kwa agizo lile lile. Alivunjika mfupa wa bega. Dukani wakamwita mzembe, na nafasi yake ikapata mtu kabla bandeji haijafunguliwa. Habu haikutajwa. Gundi haikutajwa. Aliyevunjika ndiye aliyeonekana mbovu.

"Yaani mtu anapewa kifo kimepakwa rangi nzuri, akianguka anaulizwa kwa nini hakuwa makini!" fundi anafoka, na bisibisi inaruka chini.

Ana sababu ya kufoka. Aliyepewa nafasi ile ni mpwa wake, binti wa dada yake, ambaye fundi mwenyewe alimfundisha baiskeli kwenye barabara hii hii.

"Mjomba, usiniharibie, kazi yenyewe nimeipata kwa kuhangaika," binti alimsihi mwanzoni, fundi alipotaka kumfungia breki.

"Balaa hilo nimelifunga kwa mikono yangu, mama. Nalijua sura na ukoo."

Tangu hapo, baiskeli ya duka lile ikiingia karakanani hata kwa pancha, inarudishiwa friwili na kufungwa breki. Breki moja na waya wake havizidi bei ya chakula cha mchana cha siku mbili. Fundi anazitoa zile za ukutani, bila malipo. Anajua anachokihatarisha: nusu ya kazi zake zinatoka kwa tajiri huyo. Hata hivyo anapanga kuwaita waendeshaji wa maduka yote, siku ya mapumziko, wafungue magurudumu waone wenyewe wanakalia nini.

Kabla hajamaliza kueleza mpango huo, gari jeupe linasimama juu kidogo ya karakana. Tajiri anavuta breki ya mkono, anashuka, anautazama mteremko, kisha anaokota jiwe na kulisukumia chini ya tairi. Ndipo anakuja, kidole mbele.

"Nani kakutuma? Nilisema sitaki breki!"

"Karibu, bosi. Habari za asubuhi?"

"Acha utani! Zinaharibu muonekano, na kila wiki waya unakatika. Zing'oe, la sivyo nazihamisha zote leo."

"Zihamishe. Kwa mkono wangu hazing'oki."

Mpwa wake amefika kuchukua baiskeli aanze zamu, kofia ngumu kichwani, mfuko wa vifurushi mgongoni. Fundi anamsogezea baiskeli. Kazi ni ya binti, na shingo ni yake.

"Mwambie mjomba wako," tajiri anamgeukia. "Wenzako hawalalamiki. Mna miguu, miguu ndiyo breki!"

Binti anaishika baiskeli yake, anaibonyeza breki ya mbele mara moja, taratibu. Kisha anaangalia juu, lilipo gari.

"Bosi, gari lako lina breki ya mguu na ya mkono, na bado umeliwekea jiwe. Mimi ukining'olea hii moja, jiwe langu atanishikia nani?"