Maji ya Kumkandia Mzazi

Kaanaeli alitoka Kikatiti hadi Sakina na beseni lake mwenyewe, kana kwamba mjini hakuna mabeseni. Mwanawe wa kiume, Sifael, alikuwa amepata mtoto wa kwanza, na mkewe, mzazi, ilibidi akandwe kwa maji ya moto. Hilo halikuwa na mjadala. Ila moyoni Kaanaeli alitaka kitu kimoja tu: akae pale mpaka mjukuu atambae, yeye ndiye amwogeshe, mtoto amzoee. Hakuwa na mjukuu mwingine.

Tatizo lilikuwa viganja. Mwanamke huyu alikuwa akipika loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando, kwenye sherehe za Wameru tangu ujanani, mikono ikazoea moto mpaka ikafa ganzi. Akikuambia maji ni vuguvugu, usitie mkono wako! Lakini nani angemwambia? Nashipae, mkwewe, binti wa Kiarusha aliyelelewa kwa adabu, alisema mara moja tu.

“Mama, yanachoma.”

“Ndivyo yanavyotakiwa, mwanangu. Unataka damu mbaya ibaki tumboni?”

Akakandamiza taulo. Nashipae akauma meno, machozi yakimtoka. Taulo lilipoondolewa, tumbo lilikuwa jekundu, na baadaye kidogo malengelenge yakaanza kuvimba.

Kaanaeli alikimbilia samli. Sifael akamzuia, akampigia simu nesi wa zahanati ya jirani. Nesi alifoka. Hakuna samli, hakuna dawa ya meno, hakuna barafu. Wamwagie maji ya bomba taratibu, kama dakika ishirini, kisha wafunike na kitambaa safi bila kubana. Malengelenge wasiyatumbue, na mzazi apelekwe akamwone. Habari ya kukanda kwa maji ya moto ikome.

Kuanzia hapo Kaanaeli aliuguza kama mtu anayelipia dhambi. Alinawa kwa sabuni kabla ya kugusa chochote. Lengelenge moja lilipopasuka lenyewe, aliliosha kwa maji safi na sabuni, akaiacha ngozi ilivyo, akapaka mafuta ya mgando na kufunika kwa gozi, kitambaa chepesi cha kufungia vidonda. Kila asubuhi alichungulia kama kuna usaha, akamshika mkwewe paji la uso kama kuna homa. Nashipae alijilaza, akisema “Ahsante, mama” kila mara. Heri angetukana. Tusi lingemwachia Kaanaeli nafasi ya kuomba radhi.

Siku nesi aliposema kidonda kimepona vizuri, Kaanaeli alirudi kwa Sifael amechangamka, akachanganya maji ya kumwogesha mtoto, akaongeza ya baridi mara mbili. Nashipae akaja, akamwondoa mtoto mapajani mwake kwa upole.

“Acha tu, mama. Nitamwogesha mwenyewe.”

Akatia kiwiko majini, akayamwaga, akateka mengine. Sifael, macho sakafuni, akasema, “Mama, nadhani umechoka. Na kule nyumbani ng’ombe wana nani?”

Ng’ombe! Kaanaeli akafungasha. Pale mlangoni alishindwa kujizuia, akanyoosha mikono.

“Basi nipe nimbebe kidogo, nimuage.”

Nashipae alimpa, kwa heshima zote. Kaanaeli akampokea mjukuu wake, akamwinamia, na ndipo akahisi kwamba mkono wa Nashipae bado uko pale chini, umemshikilia mtoto.