Mchezaji Niliyeshindwa Kumtoa

Nilimtoa binti wa miaka ishirini na moja, nikamchukua mwanamke wa miaka arobaini na moja, na nusu ya timu ikanipigia makofi. Nusu nyingine ilinuna. Walionuna ndio waliokuwa na akili, lakini siku hiyo niliwaona wachawi.

Timu yetu ya mpira wa kikapu ni ya wanawake wa Kitanzania wa mashariki ya London: wauguzi, wasafishaji, watunza wazee, na mabinti zetu waliozaliwa huku. Tunakodi ukumbi wa shule moja Barking kila Jumapili baada ya ibada. Mwaka juzi tuliondokewa na wachezaji watano kwa mpigo. Wengine walihamia miji ya kaskazini, mmoja alijifungua, mmoja alirudi nyumbani kabisa. Tulikaa kikao tukakubaliana tuanze upya na mabinti, tufungwe hata miaka miwili, na asilalamike mtu. Mimi kocha ndiye niliyelisema hilo kwa sauti kuliko wote.

Tukafungwa kweli. Kukubali kikaoni kwamba tutafungwa ni rahisi, ila kufungwa pointi arobaini mbele ya mashemeji ni jambo jingine. Nilianza kuchukia Jumapili.

Ndipo wenzetu wa Croydon walipoleta ujumbe. Tuwape mlinzi wetu chipukizi, nao watupe mchezaji wao aliyewahi kuvaa jezi ya taifa. Alikuwa amepata kazi ya kutunza wazee huku kwetu, na Croydon ikawa mbali kwake. Nilipotajiwa jina, moyo uliruka. Nilikuwa kidato cha kwanza yeye akiwa kidato cha nne, kapteni wa timu ya shule. Bwenini mimi ndiye niliyemfulia jezi, na niligombana na wenzangu ili nipate kumfulia.

Kikao kilikuwa kirefu.

"Utu uzima dawa," alisema nahodha wetu.

"Dawa ya kuchua magoti?" akadakia muuguzi mmoja wa wodi ya mifupa. Watu wakaangua kicheko, lakini yeye hakucheka. "Jamani, timu ndiyo kwanza tunaijenga. Huyo dada tunamleta atufundishie mabinti au tunamleta atubebe? Kama ni kubeba, mwacheni, anabeba wazee wiki nzima."

Kabla ya kura nikawasimulia jinsi dada alivyokuwa akifunga enzi zile, nikaongeza na chumvi. Tulipopiga kura nilikuwa nimeshashinda.

Yule binti nilimweleza kwa Kiswahili. Anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza.

"It's fine, coach," alisema. "You want to win now. I get it."

Akaikunja jezi yake vizuri, akaiacha kitini. Nilijiona mwongo, maana nilikuwa nimemwahidi mama yake miaka miwili.

Dada alipoingia ukumbini Jumapili ya kwanza, mabinti walijipanga kumwamkia. "Shikamoo dada." "Marahaba, wadogo zangu." Nami nikaamkia. Kocha gani anampa shikamoo mchezaji wake kisha ampangie kazi? Hilo sikujiuliza. Kasi ilikuwa imekwisha, ila mikono ilikuwa ileile, na pasi zake zilimkuta mtu kabla hajajua kwamba yuko wazi. Tulishinda mechi tatu mfululizo, nikawa natembea kifua mbele.

Jumatatu moja nilimwona kwenye kituo cha treni, akishuka ngazi kiupandeupande, kashikilia chuma kwa mikono miwili. Nilijibanza nyuma ya watu asinione. Kwetu humuulizi mkubwa wako habari za mwili wake mpaka aanze mwenyewe, ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa na mechi Jumapili.

Na nilijua zaidi ya hapo. Alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio kazini, na viza yake ilitegemea kazi hiyo. Akiweza kuwanyanyua wazee atabaki, asipoweza atarudi. Alikuwa na watoto wawili Morogoro, naye alikuwa akisubiri miezi ya majaribio iishe ndipo aanze kupumua.

Jumapili hiyo tulicheza Stratford. Robo ya tatu alianza kuchechemea. Mchezaji wa akiba alikuwa ameshasimama, ameshavua fulana ya juu.

"Mtoe," muuguzi aliniambia sikioni.

Nilinyanyua mkono kuomba sabu, nikaurudisha. Nitamkalishaje dada yule benchi mbele za watu, kama mtoto aliyekosea? Nikasema ataomba mwenyewe. Muuguzi akasema tena, "Mtoe, wewe mwanamke!" nami nikajifanya natazama saa ya ubaoni.

Robo ya nne aliruka kuchukua rebaundi, mpira uliogonga ubao ukarudi, akatua kwa mguu mmoja, na goti likaenda kando. Alilia mpaka ukumbi mzima ukanyamaza. Mechi ile tulishinda.

Kampuni ya kutunza wazee ilimwandikia barua ya kumwachisha kazi kabla hajaacha magongo, na viza ikaenda na kazi. Wanasheria wawili tuliokwenda kuwaona walitikisa vichwa. Miezi miwili aliyopewa ya kuondoka nchini ikielekea kwisha nilikwenda chumbani kwake kumsaidia kufungasha. Alikaa kitandani, mguu kaunyoosha juu ya mto, akinielekeza cha kuweka chini na cha kuweka juu.

"Mdogo wangu," alisema, "siku ile nilikuwa nakuangalia wewe tu. Kila tukirudi kukaba nakuangalia. Nikasema kocha ataniona, atanitoa. Mimi kuomba nisingeweza, wale mabinti wananitazama."

Nilikuwa nimeshika sweta lake. Ningeweza kudanganya, na nusura nidanganye.

"Nilikuona, dada."

"Ulinionaje?"

"Niliona unachechemea. Niliona tangu wiki ile, kabla ya mechi. Niliona aibu kukutoa."

Nilingoja anikaripie, na ningeshukuru. Alilipapasa goti lake juu ya bendeji.

"Nilikuwa najiambia hukuona," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa sijakulaumu."