Kimulimuli Mpya

Sauti ninayoichukia kuliko zote ni ya mtu anayesimulia muvi ambayo haijatoka. Naisikia kila alasiri, kwa sababu duka langu hapa Mtanda, mjini Lindi, lina benchi nje, na benchi hilo limetekwa na vijana watatu ambao hawanunui kitu ila vocha. Simu inawekwa katikati, inaanza kupayuka. Bwana mmoja huko aliko anachambua vipande vya kufumba na kufumbua vya kuonjesha muvi ijayo: nani kapewa suti ya shujaa, nani kanyimwa, shujaa yupi atachungulia kwenye muvi ya mwenzake. Akimaliza yeye, wanadakia wao.

"Oya, huyu hafiti. Muone uso ulivyo wa kitoto."

"We unajua nini? Wote hao wanaishi dunia moja, lazima wakutane!"

Wana ndevu hao. Mmoja ana mke, na mkewe ndiye anayekuja kununua unga. Mniwie radhi, lakini nawadharau, na sijawahi kujitahidi kuificha dharau yenyewe. Wakishaanza tu mimi nasikia harufu ya petroli, ingawa hakuna jenereta karibu, na ghafla nakuwa Nangurukuru, nina miaka kumi, nimebanwa kwenye benchi katikati ya watoto wanaonuka jasho na karanga.

Kibanda umiza chetu, cha kuonyeshea muvi kwa kiingilio, kilikuwa nyuma ya mabanda ya chakula, pale mabasi yanapopumzika kabla ya kushika njia ya Lindi au ya Dar. Juu mabati, ubavuni magunia, mbele televisheni yenye mgongo mkubwa. Jenereta lilikuwa nje likikohoa, na moshi wake uliingia ndani kuliko hewa. Muvi zilikuwa zimetafsiriwa na mtu mmoja wa Dar aliyewasemea wote, mwanamume, mwanamke na mbwa, kwa sauti ileile ya ukali. Mashujaa tuliwapa majina sisi wenyewe, kwa sababu ya kwao yalitushinda. Aliyevaa suti ya manjano na kuwaka kifuani alikuwa Kimulimuli. Yule pande la mtu, mwenye ngozi kama ukuta usiopigwa lipu, alikuwa Jabali.

Mwenye kibanda alikuwa na tabia moja. Majina ya waigizaji yakianza tu kupanda kwenye kioo, anazima jenereta. Petroli haikuwa ya kuchezea majina. Hapo ndipo binamu yangu Mussa, mtoto wa mjomba, alipopata ufalme wake. Mussa alikuwa amekaa Dar likizo moja, akarudi na suruali ya kubana na habari kwamba majina yakiisha kuna kipande cha siri, na kwenye kipande hicho ndiko mashujaa hukutana na kupanga mambo yao. Nani angembishia? Sisi tulikuwa hatujawahi kuona zaidi ya majina matatu. Basi kila Ijumaa baada ya swala alikaa juu ya tairi bovu nje ya kibanda akitangaza nani anafuata, nani atamuoa nani, nani atavaa suti ya nani, na watoto wenye akili zao timamu wakamwachia midomo wazi. Hata wakubwa wao walisogea kusikiliza. Mimi nilimwona mpuuzi tangu wakati ule, ila nilikaa pale pale, maana hapakuwa na mahali pengine pa kukaa.

Ubishi mkubwa ulihusu Jabali na Kimulimuli. Jabali aliwahi kuingia kwenye muvi ya Kimulimuli bila hodi, akamtukana, akala chakula chake, akamvunjia gari, na Kimulimuli akacheka. Kwa nini asikasirike? Mussa alisema kwenye kipande cha siri kuna maelezo marefu. Sisi hatukuhitaji maelezo. Nangurukuru nzima hakuna mtu anayeingia kwako akakutusi na kukumalizia ubwabwa ukamchekea, ila mtani wako. Tukakata shauri kwamba hao wawili ni watani, kama sisi Wamatumbi na Wangindo, na dunia yao yote tukaipanga hivyo: fulani na fulani ukoo mmoja, fulani na fulani watani, fulani kaja kuoa tu. Nikiwasikia hawa wa benchini wakichora ukoo wa mashujaa wao kana kwamba wamegundua dawa ya malaria, nacheka peke yangu nyuma ya kaunta.

Msimu wa korosho wa mwaka ule baba alifariki. Homa ilimwanza shambani, na wiki haikuisha.

Baba alikuwa na koti moja la kahawia alilolivaa jua na mvua, na alikuwa na neno moja la asubuhi. Mama akimwekea chai, alimimina kwenye kisahani, akapuliza, akaonja, akauliza kwa sauti ya hakimu: "Hii chai, au maji ya kuoshea vikombe?" Kisha aliinywa hadi tone la mwisho na kuomba nyingine. Mama hakuwahi kumjibu. Alikuwa akigeuza uso tu.

Siku ya pili ya matanga, ukumbi umejaa kina mama kwenye mikeka, mlango ukasukumwa akaingia Mzee Salumu. Alikuwa Mngindo, fundi wa baiskeli, mtani na rafiki wa baba tangu ujana wao. Alikuwa amevaa koti la baba. Alitembea kwa mwendo wa baba wa kutupa mguu wa kushoto, akakaa kwenye kigoda cha baba, akapokea kikombe, akamimina kwenye kisahani, akapuliza.

"Hii chai, au maji ya kuoshea vikombe?"

Mama alikuwa hajasema wala kula tangu mazishini. Shangazi zangu walikuwa wakimlazimisha uji kwa kijiko, unarudi. Sasa mabega yake yalianza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka khanga ikamdondoka kichwani, kisha akalia kwa mara ya kwanza, halafu akaomba uji. Kina mama wote wakacheka na kulia pamoja naye. Mimi sikucheka. Nilimtazama yule mzee mwenye koti lisilomtosha mikononi, nikamchukia kwa moyo wangu wote. Mwigizaji mbaya. Mguu wenyewe alikuwa anautupa kupita kiasi.

Nilikuja kurudi kibandani siku muvi mpya ya Kimulimuli ilipofika kutoka Dar. Kilijaa hadi watoto wakaketi juu ya watoto. Shujaa akatokea, suti ya manjano, kifua kinawaka, akavua kofia ya chuma, na haikuwa ile sura. Mwingine kabisa! Kelele zilizopigwa mle nadhani zilifika hadi mji wa Masoko. Hata mtafsiri alijua, maana alisema, "Huyu ndiye Kimulimuli, mnaoshangaa fungeni midomo." Wakageuka wote kumtazama Mussa, na Mussa, ambaye hakujua lolote kama kawaida yake, ilimbidi ajue.

"Yule wa kwanza amekufa," alisema. "Huyu ni mtani wake. Kavishwa nguo zake amuigize."

Hakuna aliyeshangaa. Kwetu sisi, mtu mzima akivaa nguo za mwingine na kutembea mwendo wake mbele za watu, maana yake ni moja tu: mwenye nguo amekufa, na mtani wake anamuigiza msibani. Mtoto mmoja alisoma Fatiha, mwingine akamkemea kwamba marehemu hakuwa Mwislamu, ubishi mpya ukaanza juu ya hilo. Nami nikajikuta nimesimama juu ya benchi, nalia, nakipigia kioo kelele: "Vua! Vua, si zako!"

Walinicheka. Mussa alicheka kuliko wote. Nilitoka kwa kuwakanyaga, na wa kwanza niliyemkuta nje alikuwa Mzee Salumu, anaziba pancha kando ya banda la chapati. Alikuwa amesikia kila kitu, magunia hayazuii sauti. Sikumwamkia.

"Hata shikamoo hunipi?"

"Sikupi."

"Haya. Unaniona nilimharibu baba yako?"

"Hukumuweza. Mguu hautupwi vile."

Alitikisa kichwa kwa uzito, akaendelea kusugua mpira kwa msasa. "Sikumuweza kweli. Na wala haikuwa zamu yangu. Mie mkubwa kwake, tulipatana nitangulie mie, anivae yeye. Alikuwa ananiigiza vizuri huyo, hata mke wangu alikuwa anachanganyikiwa." Alipuliza vumbi la mpira. "Kanitangulia kwa makusudi, mtani mbaya yule. Sasa siku yangu ikifika, mie nani atanivaa?"

"Mtafute Mussa," nilimwambia. "Yeye anajua nani anafaa kuvaa nguo za nani."

Nikaondoka, nikijiona nimemweza. Miaka iliyofuata nilimpita karibu na banda lile mara nyingi, na kila mara aliniuliza kwa sauti ya kunitania: "Umeshampata wa kunivaa?" Nami nilimjibu kwamba hakuna anayeitaka sura mbaya kama ile. Polepole tukawa watani kwelikweli, bila mimi kujua siku tulipoanza.

Mwaka huu, siku moja benchi langu likiwa limewaka moto kwa habari za mwigizaji mpya, mama alipiga simu. Mzee Salumu amefariki, na kwetu upande wa Wamatumbi ukoo umekaa kutafuta mtani wa kumvaa, hakuna aliyebaki anayemjua vizuri. "Wewe ulikuwa unashindana naye kila siku," mama alisema. "Njoo." Niliwafukuza vijana, nikafunga duka. Mmoja aliniuliza eti nimeudhika kwa sababu namtetea yule wa zamani. Niligeukia kufuli, nisije nikapoteza mteja wa vocha kwa ulimi wangu.

Msibani walinipa kofia yake, kanzu yake na mkoba wake wa spana. Nimeshawaambia kwamba nawadharau wanaopima nani anafaa, na nawaapia, nilipozivaa nguo zile zenye harufu ya gundi ya pancha nilijipima mwenyewe kwa ukali kuwashinda wote. Mfupi. Mwanamke. Sura haifanani hata kidogo. Niliingia ukumbini kwa kuinama kama alivyoinama, nikakaa chini mbele ya mjane wake, Bi Zuhura, aliyekuwa amejifunika khanga hadi machoni. Nilikuwa nimeandaa maneno ya fundi, ya kumtukana mteja aliyeleta baiskeli mbovu. Mtu akanipa kikombe cha chai mkononi, na maneno yote yakanitoka kichwani. Mkono wangu ulimimina kwenye kisahani. Nikapuliza.

"Hii chai, au maji ya kuoshea vikombe?"

Nikajua hapo hapo nimekosea. Huyo si Mzee Salumu, ni baba. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini khanga ya Bi Zuhura ilianza kutikisika, akaifunua, na alikuwa anacheka, machozi yamemjaa, ananishika goti.

"Ndiye," alisema. "Ndiye huyo huyo. Tangu siku alipomvaa baba yako, kila asubuhi ya Mungu ananikashifia chai yangu hivyo hivyo. Mie nikimwambia, mwenzio keshazikwa, acha, ananiambia hawezi kuacha."

Mama alikuwa nyuma yake. Aligeuza uso, kama alivyokuwa akimgeuzia baba.

Nimerudi Mtanda, na benchi limerudi kwenye kazi yake. Leo wanabishana kama suti apewe huyu au yule. Sijamsikia hata mmoja akiuliza huyo atakayeivaa ataivua vipi.