Kisanduku cha Ofisa Utumishi Msaidizi

Miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa na mengine kufungwa, shirika letu la Singida lilinipeleka chuo kimoja Dodoma kusomea uongozi na utawala. Ofisini walisema nina bahati. Bahati gani! Nilikuwa Ofisa Utumishi Msaidizi, na kila mtu alijua kuwa siku wakubwa wanapokaa kuamua nani apunguzwe, anayeponzeka ni yule ambaye hayupo kitini kwake. Wanangu wawili walikuwa na mama yangu katika nyumba ya shirika. Kazi ikiondoka, na nyumba inaondoka.

Basi nilisoma huku roho iko Singida. Mhadhiri akieleza jinsi ya kuwatia moyo walio chini yako, mimi mguu unatikisika chini ya meza. Jirani yangu, karani wa hospitali aliyetoka Mvumi, alivumilia wiki ya kwanza. Ya pili akaninong'oneza, "Mama, meza inahama." Chakula cha bwenini kilinishinda. Maji yalikatika, upepo ukaingiza vumbi mpaka ndani ya chandarua, na wenzangu wakaendelea kubishana kuhusu mitindo ya uongozi kana kwamba kila mmoja ameahidiwa umeneja. Nilitamani kuwazaba vibao.

Asubuhi moja uvumilivu ukaniishia. Nikatoroka kipindi, nikaenda posta kumpigia bosi wangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Habari za masomo?"

"Nzuri. Za hapo ofisini?"

"Nzuri kabisa."

Nikangoja. Kwetu mtu husema nzuri kwanza, hata kama nyumba imeungua, ndipo aeleze yaliyomkuta. Mzee hakueleza lolote. Nikauliza mwenyewe: kazi zangu anafanya nani?

"Ah, usihangaike! Likizo anashughulikia katibu muhtasi wangu. Mafaili ya mishahara kayachukua mhasibu. Wagonjwa na misiba nakwenda mwenyewe. Hakuna kilicholala. Wewe soma, mama."

Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilirudi chuoni kwa miguu, jua kali, nikiwa na hasira ambayo sikujua nimpelekee nani.

Kesho yake tukapewa zoezi la vikundi. Mhadhiri alichora ubaoni muundo wa shirika la kubuni, visanduku vya vyeo kutoka mkurugenzi hadi mlinzi, akasema shirika hilo lina hali mbaya. Kila kikundi kipunguze vyeo, kisha kiongozi wake aje mbele kutetea. Kikundi chetu kilikuwa na watu wanne: mimi niliyechaguliwa mwenyekiti, karani wa Mvumi, mhasibu mmoja wa kiwanda cha kusaga nafaka, na bwana ugavi wa shirika la usafirishaji.

Nikapendekeza tuanze na ugavi. Bwana ugavi akaruka. "Bila ugavi hata karatasi ya kuandikia barua za kuwaachisha watu hamtaipata!" Tukahamia uhasibu. Mhasibu akakunja mikono, akasema huko hakuguswi. Karani akaitetea masjala mpaka akachanganya na Kigogo. Shirika lilikuwa la kubuni, lakini kila mtu alikuwa ameshakaa ndani ya kisanduku chake na kufunga mlango. Mwishowe bwana ugavi akaja na hekima tuliyoizoea sote makazini: tuunde kamati ndogo ya kupunguza. Kamati ikahitaji mwenyekiti. Mwenyekiti akahitaji katibu. Tukavichora visanduku vyao. Nilipoitazama ile karatasi nikaona shirika letu maskini limeongezewa vyeo viwili.

"Dakika tano," mhadhiri akatangaza.

Nikachukua kifutio. Nilikuwa nimechoka nao, nimechoka na mimi mwenyewe, nimechoka kungoja. Nikafuta kamati. Kisha nikafuta Ofisa Utumishi Msaidizi.

Halafu mhasibu akakohoa, akasema labda wahasibu wawili wanaweza kuwa mmoja. Bwana ugavi akatoa bohari ndogo. Karani akatoa masjala nusu. Tukamaliza kabla ya muda.

Nilipokwenda mbele, mhadhiri aliniuliza swali moja tu. "Huyu Ofisa Utumishi Msaidizi, kazi zake atafanya nani?"

Sikufikiri hata kidogo. "Likizo, katibu muhtasi. Mafaili ya mishahara, mhasibu. Wagonjwa na misiba, meneja mwenyewe."

"Na hakuna kitakacholala?"

"Hakuna."

Mhadhiri alifurahi waziwazi. Akawageukia wenzangu, akasema mmeona, kiongozi ni yule anayetazama shirika kabla ya kiti. Darasa likapiga makofi. Nami nimesimama pale na chaki mkononi, nayaogopa makofi hayo, kwa sababu nilikuwa nimelitetea vizuri mno jambo ambalo kwa miezi nilikuwa naomba Mungu asilipitishe, na sikuona pengo hata moja katika maneno yangu.

Makofi yalipotulia, karani wa Mvumi akanyoosha mkono.

"Mimi nauliza tu. Huyo aliyefutwa, yeye atakwenda wapi?"

Darasa zima likacheka. Mhadhiri naye akacheka, akasema hilo si swali la somo hili. Karani hakucheka, alikuwa ananitazama mimi, anangoja jibu. Nilifungua mdomo, machozi yakatangulia.